PDA za zamani zenye GPS ndani (iPAQ rx5900, MyPal A636): tarehe ya 2005, kadi haisomwi, nukta zinaangukia mita 300 pembeni

MsituWaKijiji

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kitaalamu kuhusu PDA nne (kompyuta ndogo za mkononi): HP iPAQ rx5900 mbili na Asus MyPal A636 mbili. Zote ni Windows Mobile 5, zote zina chipu ya SiRFstarIII ndani. Kazi ni kuzunguka mpaka wa msitu wa kijiji kwa miguu, kupiga nukta kwenye mabikoni (alama za mpaka zilizosimikwa ardhini), kisha kuhamishia kwenye karatasi ya ramani ya 1:50,000 (upande wa Tanga).

Hali ilivyo: nje, uwanja mweupe, zinapita dakika 20 bila kupata nafasi, na zikipata mara nyingine zinapoteza. Faili lililorekodiwa Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 limeandikwa 29 Oktoba 2005, na saa nazo haziendani. Kadi ya SD ya GB 8 haionekani kabisa kwenye kifaa, ila kwenye kompyuta inasoma vizuri. Mtu akitembea taratibu mstari haujongei, halafu unaruka mita kadhaa kwa mpigo. Nukta zikipelekwa kwenye karatasi zinaangukia kusini mwa bikoni, karibu mita 300. Na Windows 10 haioni kifaa kwa waya.

Je, zinatengenezeka, au ndiyo zimeshakuwa chuma chakavu?

---

Nukta_Nne

Zinatengenezeka. Zaidi ya nusu ya uliyoyataja si ubovu hata kidogo.

Anza na tarehe. Setilaiti za GPS hazitangazi mwaka, zinatangaza namba ya wiki, na namba hiyo imepewa biti 10 tu: kuanzia 0 hadi 1023, kisha inarudi 0. Ilirudi sifuri Agosti 1999, ikarudi tena usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Aprili 2019, na itarudi Novemba 2038. Kifaa cha enzi hizo, kama programu yake ya ndani haikuandaliwa kwa hilo, kinadhani bado kiko kwenye duru iliyopita. Wiki 1024 ni siku 7168. Toa siku 7168 kwenye 14 Juni 2025 unapata 29 Oktoba 2005 kamili, na zote mbili ni Jumamosi kwa sababu kinachopotea ni wiki nzima nzima. Ukiona siku ya wiki inalingana lakini mwaka umekwenda, ujue ni hilo, usihangaike kufungua kifaa.

Nafasi haiathiriki, koodineti ni sahihi. Kinachoharibika ni tarehe ndani ya faili, na hiyo unairekebisha kwenye kompyuta kwa programu ya GPSBabel, mstari mmoja (unasoma faili la NMEA, yaani maandishi ghafi ya GPS, na kutoa la GPX, faili la nukta na mistari):

gpsbabel -t -i nmea -f mpaka.nmea -x track,move=+7168d -o gpx -F mpaka.gpx

Ukitaka kuhakiki kabla ya kurekebisha, fungua faili la NMEA kwa Notepad, tafuta mistari ya $GPRMC. Kundi la kwanza la tarakimu baada ya jina ni saa, la tisa ni tarehe kwa mpangilio wa siku, mwezi, mwaka: 291005. Saa hiyo ni ya UTC, kwa hiyo ukipiga nukta saa nne kamili asubuhi itaandikwa 070000. Hapo hakuna kosa, unaongeza saa tatu tu.

Sasa kuchelewa kupata nafasi. Setilaiti inatuma biti 50 kwa sekunde. Ukurasa mmoja kamili una biti 1,500, yaani sekunde 30, na ndani yake kuna efemeri ya setilaiti hiyo, yaani mahali pake hasa. Almanaka, ambayo ni ratiba ya jumla ya setilaiti zote, imegawanywa kwenye kurasa 25, kwa hiyo inahitaji dakika 12 na nusu za kusikiliza bila kukatika. PDA iliyolala kabatini miaka mingi haina efemeri, almanaka yake imepitwa, na saa yake inaidanganya. Inatafuta setilaiti zisizokuwepo juu yako.

Fanya hivi kwa kila moja: weka saa na tarehe sahihi kwa mkono, chagua ukanda wa Nairobi, GMT+3. Toka nje mahali pasipo mti wala bati karibu. A636 funua antena yake ya nyuma mpaka ilale sambamba na ardhi, uso wake ukitazama mbingu. Rx5900 ilaze chali juu ya kiti cha plastiki au ndoo iliyopinduliwa. Iache pale dakika 20 bila kuigusa. Hapa ndipo watu wengi hukosea: wanatembea nayo huku wakingoja. Ukipita chini ya mti mmoja kwa sekunde tano unakatiza ukurasa, na inabidi usubiri wote upya. Zima pia kifaa kujilaza chenyewe (Start, Settings, System, Power), kwa sababu PDA ikilala GPS nayo inakatwa umeme na hesabu inaanza mwanzo.

Baada ya hapo, siku hiyohiyo itakuwa inashika ndani ya dakika moja hivi. Efemeri inadumu takribani saa nne. Ukikaa zaidi ya hapo ongeza nusu dakika hadi dakika moja ya kungoja.

Jambo dogo: kama programu yako ina chaguo la WAAS au EGNOS, lizime. WAAS ni ya Amerika Kaskazini, EGNOS ni ya Ulaya. Tanga hupati masahihisho yoyote humo, unakula betri bure.

---

FundiSaketi

Kadi: hiyo ya GB 8 ni SDHC. Kiwango cha SDHC kilitoka 2006, Windows Mobile 5 ni ya 2005. Usipoteze muda kuigawa iwe na sehemu ya GB 2, haitasaidia. Kadi ya SD ya kawaida inahesabu anwani kwa baiti mojamoja, SDHC inahesabu kwa vipande vya baiti 512. Kifaa kisichojua lugha hiyo hakifiki hata hatua ya kuuliza kuna faili gani ndani. Tafuta ya GB 2 au chini yake. Zimeanza kuadimika, lakini microSD ya GB 2 ndani ya adapta inafanya kazi sawasawa. Ifomati kwa FAT, siyo FAT32 wala exFAT.

Na betri, kabla hujachaji chochote: toa kila betri, ilaze juu ya kioo au meza iliyonyooka, izungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba. Usiitoboe, usiibane irudi, usiichaji. Isiyovimba pima kwa mita kati ya pini ya + na ya −. Ikiwa na volti 3 au zaidi, chaji ukiwa unaiangalia. Ikiwa chini ya volti 2.5 iache. Wapo wanaoiamsha kwa kuibusti na chaja ya benchi, lakini shaba ya ndani inakuwa imeshaanza kuyeyuka na kujipanga upya pasipotakiwa, na siku yoyote inaweza kupiga shoti. Pini ya katikati ya ziada mara nyingi ni ya kupima joto. Betri mbadala ya bei chee isiyo na pini hiyo kifaa kitakataa kuichaji, na mtu atalaumu chaja.

Ukigusa skrini kwa kalamu na alama inatokea pembeni ya ulipogusa, hiyo ni kalibresheni tu. Start, Settings, System, Screen, kisha Align Screen, gusa misalaba taratibu. Kama baada ya hapo ukingo mmoja bado hauitiki, safisha mfereji kati ya kava na kioo kwa kijiti cha meno cha mbao. Mchanga ukikaa pale unabonyeza skrini muda wote.

---

kalamu_ya_plastiki

Hili la mstari kutojongea ndilo linaloua kazi ya kutembea mipaka, na linaeleweka vibaya sana. SiRF walitengeneza kichujio cha gari. Gari likisimama kwenye taa, nafasi ya GPS huwa inacheza mita mbili tatu huku na huku, na dereva anaona kigari chake kinatangatanga barabarani. Kichujio kinaganda nafasi kasi ikiwa ndogo mno, kinaiachia ukishakwenda vya kutosha. Kinaitwa Static Navigation. Kwa gari ni kizuri. Mtu anayepita vichakani na panga anakwenda taratibu kuliko mwendo wa kawaida, kwa hiyo anaangukia humo humo: kifaa kinasema umesimama, kisha kinashtuka na kukurusha.

Kinazimwa kwa programu ndogo ya SiRFTech inayoendeshwa kwenye PDA yenyewe. Hatua ni hizi. Funga kila programu inayotumia GPS, maana poti ya COM inafunguliwa na mmoja tu. Ndani ya SiRFTech chagua poti na kasi, hakikisha unaona mistari ya $GPGGA inapita. Badili itifaki kutoka NMEA kwenda SiRF baineri. Weka Static Navigation iwe Off (huo ni ujumbe namba 143 wa SiRF). Halafu, na usisahau, rudisha itifaki kuwa NMEA kwa kasi ileile uliyoikuta. Ukitoka ukiwa umeiacha kwenye baineri, programu zako zote za ramani hazitaona kitu, na ndipo utasikia mtu anasema GPS imekufa. Haijafa, inaongea lugha nyingine.

Mpangilio huo unakaa kwenye kumbukumbu inayotegemea umeme wa akiba. Betri ikiisha kabisa unarudi ulivyokuwa. Kwa hiyo iwe kawaida: kila asubuhi kabla ya kuingia porini, tembea hatua 20 polepole ukiangalia mstari. Ukiganda, rudia.

Kama hujui poti ni ipi, nenda Start, Settings, System, tafuta GPS. Watengenezaji wengine wameificha; hapo unahitaji kihariri cha rejista, nenda HKLM\ControlPanel\GPS Settings, futa thamani inayoitwa Hide, zima na uwashe kifaa. Humo ndani kuna kurasa tatu: poti ya programu, poti ya chipu yenyewe, na kama Windows isimamie kugawa. Ukiruhusu isimamie, programu mbili zinaweza kusoma GPS kwa pamoja kupitia poti ile ya programu. Ila SiRFTech isome poti ya chipu moja kwa moja, vinginevyo amri hazifiki.

Waya na Windows 10: Windows Mobile Device Center, programu ya kuunganisha PDA na kompyuta, ilivurugika tangu toleo la 1703. Kwenye HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services, chini ya RapiMgr na pia chini ya WcesComm, ongeza DWORD inayoitwa SvcHostSplitDisable yenye thamani 1. Kisha kwenye huduma hizo mbili badili akaunti ya kuingilia iwe Local System, uwashe upya kompyuta. Kwenye PDA, Start, Settings, Connections, USB to PC, ondoa tiki ya mtandao wa hali ya juu. Ikigoma bado, achana nayo. Toa kadi, weka kwenye kisoma kadi, nakili faili. Hakuna tuzo ya kutumia waya.

---

Datamu_Arc

Mita 300 kusini. Angalia tena, utakuta pia zimesogea mashariki kidogo, kama mita 90. Sivyo?

Karatasi za Y742 za Tanzania (mfululizo wa 1:50,000) zimechorwa kwenye datamu, yaani msingi wa kuhesabia koodineti, ya Arc 1960, umbo la dunia la Clarke 1880. Soma pambizo ya chini ya karatasi, imeandikwa. GPS inatoa WGS84. Kwa Kenya na Tanzania tofauti ya vitovu vya datamu hizo ni −160, −6, −302 (mita, kwa X, Y, Z, kutoka Arc 1960 kwenda WGS84). Karibu na ikweta mhimili wa Z unaelekea kaskazini, ndiyo maana ile 302 unaiona yote kama kosa la kaskazini-kusini. Kwenye karatasi ya 1:50,000 mita 300 ni milimita 6. Ile ya mashariki haifiki milimita 2, wengi hawaioni, wanadhani ni unene wa penseli.

Kwenye programu ya ramani badili datamu ya kuonyesha iwe Arc 1960 na gridi iwe UTM (gridi ya mita iliyogawanya dunia kwa kanda). Ukanda: Tanga, Dar, Morogoro, Arusha na Nairobi ni 37, Dodoma na Mwanza ni 36, Kigoma mjini imo 35. Aliyezoea 37 akihamishwa Dodoma anapata koodineti ambazo hazimo hata kwenye karatasi yake.

Kama unaskani karatasi na kuitumia ndani ya PDA kwa OziExplorerCE, ikalibreti kwa makutano ya gridi manne, moja kila pembe, na uichagulie Arc 1960 wakati wa kukalibreti, siyo baadaye. Tazama pia gridi yenyewe kabla: miraba yake ni kilomita moja, yaani sentimita 2. Pima miraba kumi kwa rula. Isipofika sentimita 20 karatasi imesinyaa au fotokopi imepunguza, na hakuna datamu itakayorekebisha hilo.

---

MsituWaKijiji

Wakuu, shukrani. Tarehe na kadi vimeisha, mstari unatembea. Ila kwenye datamu kuna jipya. Programu ya PDA imewekwa Arc 1960 UTM 37S. Tukisoma namba kwenye skrini na kuzipiga kwenye karatasi kwa rula, zinakaa. Lakini nukta hizohizo zikipelekwa QGIS (programu ya ramani ya kompyuta) na kuchapwa juu ya ramani iliyoskaniwa, sasa zimehamia kaskazini karibu mita 300 na magharibi kidogo. Yaani kinyume chake!

---

Datamu_Arc

Mmebadilisha mara mbili. Orodha yenu ya namba tayari ni Arc 1960, halafu QGIS imeambiwa ni WGS84, ikazihamisha tena.

Kanuni ya kazi: kinachosomwa kwenye skrini ya PDA kinafuata datamu uliyochagua. Faili la GPX daima ni WGS84, hata kama skrini inaonyesha Arc 1960. Kwa hiyo ukiingiza GPX, iache EPSG:4326 (namba ya WGS84) kama inavyokuja, weka mradi wa QGIS na picha ya karatasi kwenye EPSG:21037 (namba ya Arc 1960 UTM 37S), QGIS itahamisha yenyewe mara moja tu. Ukiingiza namba zilizoandikwa kwa mkono kutoka kwenye skrini, kama jedwali, zitangaze ni EPSG:21037. Msichanganye na EPSG:32737, hiyo ni UTM 37S ileile lakini ya WGS84, na jina lake kwenye orodha linafanana kiasi cha kumchanganya mtu saa kumi na moja jioni.

Kwenye daftari la porini ongezeni safu moja ya datamu kando ya koodineti. Daftari lisilo na safu hiyo, mwaka ujao hakuna atakayejua namba ni za wapi. Na vigezo vile vitatu (−160, −6, −302) ni vya wastani wa nchi mbili nzima. Kosa lake lenyewe laweza kufika mita 20. Kwa kupata bikoni vichakani inatosha.

---

EkaMbili

Mimi nitakuwa mchungu kidogo. Kwa mpaka mrefu wa msitu, sawa. Msije mkaanza kupimia watu mashamba nazo. Eka moja yenye umbo la mraba ina upande wa mita 64 hivi. Kosa la mita 3 kwa urefu na mita 3 kwa upana, ambalo kwa chipu hii ni siku nzuri, linaongeza eneo karibu asilimia 10. Simu ya kawaida ya leo inasoma setilaiti za GLONASS na Galileo pamoja na za GPS, chini ya miti itakuwa na setilaiti nyingi zaidi. SiRFstarIII ni GPS peke yake. Ilipotoka ilikuwa na masikio makali kuliko vipokezi vilivyotangulia, hilo halina ubishi, lakini mikoko na miti minene bado itaisumbua.

Ukipiga bikoni, usichukue nukta ya papo hapo. Weka kifaa juu ya bikoni yenyewe, mwili wako uwe upande mmoja usiizibe mbingu, subiri HDOP (kipimo cha mpangilio wa setilaiti, kikiwa kidogo ndiyo vizuri) ishuke chini ya 2, kisha rekodi dakika tatu na kuchukua wastani. Mkirudi siku nyingine saa tofauti mkarudia, wastani wa siku mbili unafaa zaidi kuliko wa dakika kumi mfululizo, kwa sababu setilaiti zimebadilisha mpangilio na makosa yake si yaleyale. Na kwenye mgogoro wa mpaka nukta hizi si hati. Anaitwa mpima ardhi aliyesajiliwa.

---

kalamu_ya_plastiki

EkaMbili yuko sawa kuhusu eneo. Kuhusu simu, PDA hizi bado zina faida moja porini: unatoa betri iliyoisha, unaweka nyingine, unaendelea. Windows Mobile 5 inahifadhi data kwenye kumbukumbu isiyofutika, siyo kama Pocket PC 2003 au zile za Palm kama Garmin iQue 3600, ambazo betri ikiisha kabisa kila ulichoandika kinakwenda nayo.

Ila mkibadilisha betri kumbukeni saa. Ikirudi kwenye tarehe ya kiwandani, GPS inaanza tena kutafuta setilaiti kwa ratiba ya uongo. Wekeni saa kwanza, ndipo mfungue programu ya ramani. Na mkague Static Navigation upya.

---

MsituWaKijiji

Imekaa. GPX imeachwa 4326, mradi 21037, nukta zimeangukia ndani ya milimita moja ya alama za bikoni kwenye karatasi. Betri mbili kati ya nne zilizunguka kama pia, zimewekwa kando. Swali la mwisho kwa FundiSaketi: betri ya rx5900 inaingia kwenye A636?

---

FundiSaketi

Haiingii, umbo na pini ni tofauti. Usiichonge.